Binti Mwenye Uoni Hafifu: Shule ya Serikali au Binafsi?

SWALI: Mhariri, binti yetu wa miaka saba ana uoni hafifu. Shule binafsi ya jirani inataka ada kubwa, na juu yake tumlipe msaidizi wa darasani. Tumpeleke shule ya serikali? – Mama, Temeke

JIBU: Ndugu msomaji, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto kama wako asome shule ya kawaida, ya umma au binafsi, isipokuwa anapohitaji mawasiliano maalumu. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na mojawapo, Uhuru Mchanganyiko, hapo hapo Dar es Salaam, imezoea kupokea wanafunzi wenye ulemavu wa kuona. Tatizo ni msongamano: mtoto asiyeona ubao vizuri, akikaa nyuma katika darasa lililofurika, hunakili daftari la mwenzake, makosa yakiwemo.

Ada kubwa, kwa upande mwingine, si ushahidi wa utaalamu. Ulizeni huyo msaidizi amesomea nini, kama kuna mwalimu wa elimu maalumu, pengine aliyehitimu Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, na kama vipo vitabu vya maandishi makubwa. Shule isiyo na majibu, msiilipe. Kisha mwoneni afisa elimu maalumu wa manispaa, mkiwa na ripoti ya daktari wa macho.