Jibu: Mdogo wangu "hupotea" tangu mashua izame

Ndugu yangu wa Kilwa Masoko, unauliza iwapo mdogo wako, ambaye tangu mashua izame miezi minne iliyopita hushtuka usingizini, huukwepa ufuko na mara nyingine hukodoa macho asisikie akiitwa, amepandwa na shetani. Dalili za namna hiyo zikidumu zaidi ya mwezi 1 na kuvuruga maisha, huenda ni ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha. Kule "kupotea" ni akili kujitenga na hofu ambayo haiwezi kuibeba. Hata hivyo, kifafa huweza kufanana nako, kwa hiyo aonwe kwanza na daktari, mathalani Hospitali ya Sokoine, Lindi. Tiba inayoaminika zaidi ni mazungumzo na mtaalamu, ambamo mgonjwa hulikaribia tukio hatua kwa hatua. Sertralini, dawa ya sonona na wasiwasi, nayo husaidia, ingawa huchukua wiki kadhaa. Diazepamu, dawa ya kutuliza ambayo wengi hujinunulia dukani, haitibu kiwewe na huleta utegemezi. Kisomo cha dua mkitaka kiendelee, sioni ubaya, mradi asifungwe wala kupigwa. Anapopotea, mwite taratibu kwa jina, akanyage sakafu, ataje anavyoviona, msimlazimishe kusimulia. Akitamka habari ya kujiua, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.