Fomu ya oda za viazi: kwa nini oda moja inaingia mara mbili

Mkuu, umesema wakulima wa Uyole na Isongole wanakosea idadi ya magunia kwenye programu yako, wanagusa kitufe wasichokikusudia, na oda moja inaingia mara mbili hata tatu. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalokula pesa: lori linafuata mzigo ambao haupo.

Oda inajirudia kwa sababu skrini iko kimya. Mtu anabonyeza Tuma, mtandao umeshuka hadi 2G, haoni kinachobadilika, anabonyeza tena. Kukizima kitufe baada ya mguso wa kwanza kunasaidia ila hakutoshi, maana ombi linaweza kufika kwenye seva, jibu likapotelea njiani, na programu yenyewe ikatuma upya. Fomu inapofunguliwa, simu iipe oda namba ya kipekee (UUID), iihifadhi, na kila jaribio la kutuma lipeleke namba ileile. Seva ikiiona mara ya pili isifungue oda mpya, irudishe jibu la kwanza. Wengi huitengeneza namba upya kila Tuma inapobonyezwa, na hapo kazi yote inakuwa bure. Kisha mwonyeshe mkulima oda yake ilipofikia, kwa maneno: "Imehifadhiwa kwenye simu", "Inatumwa", "Imepokelewa". Kiduara kinachozunguka tu hakimwambii kitu.

Vitufe: mwongozo wa Android unataka eneo la kugusa lisipungue dp 48 kwa 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini za Android). Kwa vidole vilivyotoka shambani weka 56, acha nafasi ya dp 8 au zaidi katikati, na Futa isikae jirani na Tuma. Kufuta kwa kutelezesha kidole achana nako kabisa. Kioo kikilowa, na mvua ya Rungwe unaijua, matone nayo husomeka kama miguso.

Kosa la idadi ni la fomu, si la mkulima. Kwenye picha uliyoweka kisanduku kimeandikwa "Kiasi" tu. Mmoja anajaza 12 kwa maana ya magunia, mwingine 1200 kwa maana ya kilo. Neno "magunia" likae ndani ya kisanduku, kibodi ifunguke ya tarakimu tu, na kilo ziulizwe kwenye kisanduku cha pili, kwa kuwa lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi) na gunia la kawaida havilingani uzito.

Saa ya kupakia ina mtego wake. Anayetaka saa 2 asubuhi anachagua 2:00 AM, na seva inaandika saa 8 usiku. Weka vitufe vya "saa 2 asubuhi", "saa 4 asubuhi", ndani uhifadhi 08:00 na 10:00.

Yale maandishi ya kijivu juu ya nyeupe yaondoe. Kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurahisisha matumizi ya tovuti na programu kwa watu wote, ni utofauti wa mwangaza wa 4.5:1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Kwa watu wa juani lenga 7:1. Jaribu kwa simu ya bei ya chini, saa 7 mchana, nje, mwanga wa skrini ukiwa nusu, kwa mkono mmoja.