Vitu vya bure vya nyumbani na sampo, anzia hapa
Dada umeuliza utapata wapi vyombo na sampo (vipakiti vidogo vya kujaribia bidhaa) za bure maana umehamia nyumba tupu na hela imebana, pole sana. Anza na magrupu ya mtandaoni ya kugawana vitu bure kama Freecycle (ipo tangu 2003) au Buy Nothing, andika kabisa unachotafuta usisubiri watu waposti, mi meza yangu niliipata hivyo, mguu mmoja ulikuwa unacheza nikakaza skrubu mbili tu na mpaka leo iko imara. Makochi na magodoro kagua kwanza kwenye mishono, ukiona vidoadoa vyeusi hiyo ni dalili ya kunguni, achana nayo hata yawe mazuri vipi. Sampo za sabuni na losheni omba kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, tumia imeili ya pembeni, na wakitaka namba ya kadi eti ya usafirishaji toka hapo hapo.