Seva ya akiba imewaka, mbona simu hazikuita?

SWALI: Shikamoo fundi. Ofisini tuna simu za intaneti 40 na seva mbili, moja ya kazi na moja ya akiba. Majuzi ile ya kazi ilizima. Ya akiba ilishika zamu ndani ya nusu dakika, kumbukumbu zake nimezisoma mwenyewe. Lakini simu hazikuita karibu saa nzima, kisha zikarudi zenyewe. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hiyo saa nzima ndiyo iliyonionyesha tatizo. Fungua mipangilio ya simu yoyote, utafute muda wa usajili, yaani muda ambao simu hukaa kabla ya kujitambulisha tena kwa seva. Naamini utakuta 3600, yaani sekunde za saa moja. Simu ya SIP, yaani ya intaneti kama zenu, ikishajisajili kwenye seva hutulia mpaka muda huo ukaribie kwisha. Seva ya akiba iliamka haina habari simu ziko wapi, na simu nazo hazikuwa na habari kwamba ile ya kwanza imezima.

Teremsha muda huo hadi sekunde 120. Simu 40 kwa mwendo huo ni maombi kama 20 kwa dakika, mzigo mdogo sana. Angalia na upande wa seva: kima chake cha chini kikizidi hapo, itaikatalia simu kwa jibu namba 423.

Mimi napenda zaidi anwani moja ya IP (namba ya kifaa mtandaoni) inayohama, ambayo hushikwa na seva iliyo hai. Programu ya keepalived hufanya kazi hiyo. Usajili uwe kwenye hifadhidata inayosomwa na seva zote mbili, la sivyo mtarudi palepale. Na seva hizo ziunganishwe kwa njia mbili, maana waya pekee ukikatika kila moja itadhani nyingine imekufa, zote zigombee anwani.

Swichi je, kile kifaa kinachounganisha waya za mtandao? Niliwahi kuhudumia ofisi yenye seva mbili nzuri, zote kwenye swichi moja isiyo na UPS, ile betri ya dharura. Umeme ulikatika kidogo tu, simu zote zikazima, kwa kuwa umeme wa simu hizo ulipita kwenye waya wa mtandao kutoka kwenye swichi hiyo. Iliniuma, maana mwenye ofisi alikuwa ameshagharimia akiba.

Jioni watu wakishaondoka, chomoa waya wa seva ya kazi, ushike saa. Piga kutoka ofisini, kisha piga kuingia kwa simu ya mkononi: mtoa huduma asipoijua seva ya pili, mtapiga nje ila hakuna atakayewapata. Niandikie zimepita sekunde ngapi.