Kipenga kimelia, mkono uko wapi?

Maswali matano ya wiki hii yanazunguka jambo moja: mkono wa baada ya mechi. Lililo refu zaidi limetoka mtaa wa Kayole hapa Nairobi, nalo tumelipa nafasi kubwa.

LeBron James alipoondoka mwaka 2009 bila kuwapa Orlando mkono, alivunja sheria gani? (Umoja)

Hakuna. Tarehe 30 Mei 2009 timu yake ya Cleveland ilitolewa na Orlando Magic kwenye fainali ya kanda ya Mashariki ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, naye akanyoosha moja kwa moja hadi chumba cha kubadilishia nguo. Faini ya dola 25,000 aliyotozwa ilikuwa ya kuwakwepa waandishi wa habari, si ya mkono. NBA haina mstari wa kupeana mikono. Kila mtu humtafuta amtakaye pale katikati, ndiyo maana anayetoroka huonekana upesi. Kwenye hoki ya barafu ya NHL ni tofauti: raundi ya mchujo ikiisha, timu zote mbili hupanga mistari na kupishana, hata kama zilikuwa zikitwangana ngumi muda mfupi uliopita.

Kwetu sisi kisa cha James ni chepesi. Kizito ni cha 27 Mei 1991. Detroit Pistons, mabingwa wa NBA wa 1989 na 1990, walikuwa wanafagiliwa mechi nne kwa sifuri na Chicago Bulls. Zikiwa zimebaki sekunde 7.9, Isiah Thomas na wenzake kadhaa walitoka wakipita mbele ya benchi la Bulls bila hata kugeuza shingo. Mechi ilikuwa bado haijaisha! Joe Dumars, wa timu hiyo hiyo, alitoa mkono.

Refa anaweza kutoa kadi kwa mchezaji anayekataa mkono? (Kibera)

Sheria za soka haziutaji mkono huo, kwa hiyo kukataa tu si kosa la kadi. Kadi huletwa na kinachoandamana nako: tusi, ishara chafu, kusukumana, mate. Na msidhani kipenga cha mwisho kinamnyang'anya refa mfuko wake. Mamlaka yake ya kuadhibu huanza anapoingia uwanjani kukagua kabla ya mechi, na huisha anapotoka nje ya uwanja baada yake. Nyekundu ya dakika tatu baada ya kipenga ni halali kabisa. Ligi yenu inaweza kuwa na kanuni za ziada, kaziulizeni.

Nafundisha vijana wa chini ya miaka 13. Tukifungwa, mstari wa mikono unageuka vita. Nifanyeje? (Kayole)

Kocha, vita hivyo huanza kabla ya mstari, katika ile dakika ambayo watoto wametawanyika uwanjani na hakuna wa kuwashika. Kipenga kikilia, waite wote pembeni, wanywe maji, uwahesabu. Ndipo muende.

Nani asimame na nani apite, elewaneni na kocha mwenzio wakati wa kurusha sarafu, kabla damu haijachemka. Mistari miwili ikitembea kwa pamoja, watoto hugongana mabega, na bega ndilo huleta ngumi. Wenyeji wasimame kwenye mstari wa katikati, wageni wapite. Mkiwa 16 kila upande, kwa sekunde moja kila mkono, wa mwisho anamaliza ndani ya sekunde 31. Ikizidi dakika, kuna mtu amesimama kubishana.

Kapteni atangulie. Mwenye hasira usimweke mkiani. Awe wa tatu au wa nne, msaidizi wako akimfuata mgongoni. Wewe funga mstari, uone migongo yote.

Kisha kagua viganja. Kuna mtoto atakayetema mate mkononi, mwingine atashika tope, mwingine atanyoosha mkono halafu aurudishe kichwani kama anayechana nywele. Mkono wa kulia, kiganja wazi, kipa avue glavu. Maneno ni mawili tu, "mechi njema". Wakataze washindi kusema "pole": hata likitoka moyoni, aliyefungwa hulisikia kama kejeli.

Wazazi wabaki ng'ambo ya uwanja pamoja na simu zao. Na kama mechi yenyewe ilikuwa na ngumi, usilazimishe mstari. Makapteni na makocha washikane mikono, wengine wapande matatu.

Gota linatosha? (Githurai)

Gota, yaani kugonganisha ngumi, linatosha, mradi wote wajue ni gota. Ngumi ikikutana na kiganja wazi, mmoja huona amedharauliwa. Ligi Kuu ya Uingereza yenyewe ilisimamisha mikono ya kabla ya mechi Machi 2020 kwa ajili ya korona, na mpira haukuharibika. (Neno "handisheki" tumelikwepa makusudi. Tangu Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wapeane mkono 9 Machi 2018, hapa Nairobi linanuka siasa, si michezo.)

Wachezaji wa Ukraine wanaokataa kuwapa Warusi mkono, si ni utovu wa nidhamu? (South B)

Hapana, na tusichanganye vita na hasira za kufungwa. Kwenye tenisi Elina Svitolina hatoi mkono kwa Warusi wala Wabelarusi, na kwa kuwa mkono wa wavuni ni desturi tu, haadhibiwi. Mchezo wa vitara ulikuwa mkali zaidi. Julai 2023, mjini Milan, Olga Kharlan alimshinda Mrusi Anna Smirnova 15-7, akamnyooshea ncha ya kitara wagusanishe badala ya mikono. Smirnova akagoma kuondoka ulingoni, na Kharlan akaondolewa mashindanoni, kwa sababu kanuni ya wakati huo ililazimisha mkono. Siku chache baadaye kanuni ikalegezwa, salamu ya mbali ikakubaliwa. Kamati ya Olimpiki ikamhakikishia nafasi Paris 2024, na huko akatwaa shaba yake binafsi na dhahabu ya timu.

Ukiwa refa wa mtaani na wachezaji wawili wana jambo zito kati yao, waulize kabla ya mechi. Wakikubaliana kuinamisha kichwa wakiwa hatua mbili mbali, andika hivyo kwenye ripoti yako na uendelee.