Majani ya mpera na kidonda cha mama

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu ana kisukari, na kidonda cha mguuni kina mwezi sasa hakifungi. Amemaliza dozi mbili za antibayotiki, sasa kapewa ya tatu. Jirani kanitumia habari kwamba majani ya mpera yamepimwa maabara yakaua bakteria walioshinda dawa za hospitali. Je, niachane na vidonge nimchemshie mpera aoshee kidonda? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Habari hiyo si uzushi. Mimi mwenyewe nimeupima mpera, na sahani ile ya kwanza naikumbuka mpaka leo. Majani tuliyakausha kivulini, tukayasaga, tukayaloweka kwenye methanoli, aina ya spiriti ya maabara, siku tatu, tukachuja na kuivukiza hadi ikabaki kama lami ya kijani iliyokoza. Bakteria tuliyempima ni Staphylococcus aureus sugu, aliyetoka kwenye jipu la mgonjwa. Tulimpaka kwa pamba juu ya agari, ule uji ulioganda sahanini wa kuoteshea bakteria, tukatoboa vishimo na kutia mpera, na pembeni tukaweka kikaratasi chenye siprofloksasini, antibayotiki ya hospitali. Kesho yake, baada ya saa 18 kwenye nyuzi 37, kikaratasi kile kilikuwa kimezingirwa na bakteria hadi ukingoni. Shimo la mpera lilikuwa na duara safi lisilo na bakteria, kama mtu kafuta vumbi kwa kidole. Nilimwita kila aliyekuwa maabara aje aone.

Sasa tazama hesabu. Kikaratasi kile kina mikrogramu 5 za dawa. Shimoni tulitia mikrolita 50 za mpera wenye miligramu 100 kwa kila mililita, yaani miligramu 5. Hiyo ni mara 1,000! Maji uliyochemsha jikoni hayana ukali wa lami ile. Na bakteria wa kidonda kikongwe hawakai wazi kama wale wa sahani: wamezama nyamani, wamejifunika ute. Kuna pia Pseudomonas, anayependa vidonda vya namna hii, mwenye usaha wa kijani. Utando wake wa nje unamkinga, na mpera humgusa kidogo sana.

Safari nyingine methanoli haikukauka yote, na shimo la methanoli tupu nalo likatoa duara. Kama tusingeliweka shimo lile la kulinganishia, tungeusifu mpera kwa kazi ya methanoli. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea picha ya duara, cha kwanza namuuliza shimo la kulinganishia liko wapi.

Kwa hiyo vidonge usiviache, na majani usiyaweke kidondani. Yaliyoanikwa chini yanaweza kuingiza vijidudu vya pepopunda.

Mpeleke mama kliniki wiki hii, si mwezi ujao. Mguu wa mwenye kisukari hauna subira. Omba kidonda kioshwe kwanza, kisha ute wa ndani uchukuliwe na kuoteshwa maabara, bakteria ajulikane kwa jina na dawa inayomweza ijulikane. Majibu huchukua siku mbili au tatu. Mwambie mhudumu dawa zote alizokwisha kutumia, nenda na maganda yake. Na kama mama amekuwa akinywa chai ya mpera, daktari alijue hilo pia, kwa sababu inaweza kuishusha sukari juu ya vidonge anavyomeza.