Kabla ya kemo, uliza kwanza chanjo ya nimonia

Juzi kuna dada kaniandikia inboksi, mamake kakutwa na mailoma, ile kansa ya damu inayoanzia kwenye uboho, na kemo inaanza wiki ijayo, anauliza, "Da, mama achanjwe nimonia sasa hivi au tusubiri apone kwanza?" Nimeisoma ile meseji nikalia, maana kipindi changu hakuna aliyeniulizia hilo swali.

Mi pia ni mailoma. Siku naambiwa niliwaza nywele, niliwaza wanangu, nimonia wala haikunijia kichwani. Mwezi wa tatu wa kemo nikaanza kutetemeka usiku, nikajifunika blanketi mbili nikasema mafua tu haya, kufika asubuhi joto 39 na nikivuta pumzi ubavu unachoma. Siku 19 wodini, oksijeni puani, dripu za antibayotiki, na kemo ikasimamishwa, hapo ndo niliumia zaidi maana kansa yenyewe haikusimama. Siku ya kutoka daktari mwingine kabisa akaniuliza, ulichanjwa lini? Nikabaki namtolea macho. Yule aliyenianzishia dawa hakuwahi kulitaja, na mpaka leo linaniuma.

Jamani, mailoma inashika seli zilezile zinazotengeneza kingamwili, alafu kemo na steroidi zinamalizia kidogo kilichobaki. Bakteria wa nyumokokasi, yule anayeleta nimonia, ambaye wengine wanatembea naye kooni bila kuumwa, kwetu anashuka mapafuni, anaweza kuingia mpaka kwenye damu.

Kwa hiyo dada yangu usisubiri mama apone. Kukiwa na nafasi, chanjo iingie angalau wiki 2 kabla ya kemo. Kama kansa haisubiri basi kemo ianze, ila muulize daktari chanjo inaingia lini, na usitoke chumbani kwake bila jibu. Uliza hata kama ana haraka. Waliotumia rituximab, dawa ya baadhi ya kansa za damu, mara nyingi husubirishwa kama miezi 6, sababu ile dawa inafagia seli B, zile zinazozaa seli za kingamwili, na chanjo inakosa wa kumfundisha.

Uliza pia ni chanjo ipi. Chanjo za nimonia ziko aina mbili: zile za PCV zimeunganishwa na protini ili hata kinga iliyochoka iamke, ile ya zamani PPSV23 haina protini hiyo na peke yake kwetu inashika kwa shida. PCV20 kwa kawaida inatosha moja, ukipewa PCV15 basi PPSV23 inafuata baada ya wiki 8 au zaidi. Na hazina bakteria hai, kwa hiyo haziwezi kumpa mama nimonia, msimtishe.

Mi nilipopandikizwa seli shina, zile seli mama zinazotengeneza damu, nilianza upya kama mtoto mchanga, sababu kinga ya chanjo za utotoni inafifia. PCV tatu, kila mwezi moja, ya kwanza nilichomwa mwezi wa nne baada ya kupandikizwa. Mkono uliuma siku mbili na nilifurahi sana, yaani niliona nimejilipia zile siku 19.

Haikingi kila kitu lakini, joto likifika 38 nenda hospitali usiku huohuo hata kama umechanjwa. Na nyie mnaomuuguza mchanjwe mafua kila mwaka, msimletee ndani.

Kadi ya chanjo ipige picha ukae nayo kwenye simu, yangu ya kwanza ilipotelea wodini, nikaulizwa tarehe nikashindwa kujibu.